Leo nimemsindikiza mama mdogo kwa wakili

Mwenye nyumba wake wa zamani amegoma kurudisha dipoziti. "Hatukuandikiana," ndiyo hoja yake, na mama mdogo alishakata tamaa.

Wakili alimsikiliza bila kumkatisha. Kisha akaomba kuona simu.

Akasoma meseji moja moja, penseli mkononi, akiandika tarehe. Alipofika kwenye "nimeipata hela ya dipoziti, asante mama", akainakili yote na kuipigia mstari.

"Mara nyingi makubaliano ya mdomo nayo ni mkataba. Shida huwa ushahidi, na huu hapa. Usifute kitu. Tuanze na barua ya madai, tena mapema, maana madai yana ukomo wa muda."

Mngemwona mama mdogo alivyoshusha pumzi!

Ninyi je, kuna swali la sheria linawakaa rohoni? Niandikieni hapa.