Nilikuwa naamia ndege, sasa nawanunulia chakula

Mimi nimekulia Ifakara, na kama na wewe umekulia kwenye mpunga huna haja ya kuelezewa kuamia ndege ni nini. Alfajiri uko shambani, kopo la mawe mkononi, unapiga kelele mpaka jua linazama, ukizubaa kidogo tu kwelea kwelea wameshashuka kwenye majaruba. Kenyewe kandege kadogo, kanakula kama gramu 10 kwa siku, ila hakaji peke yake, wanakuja kama wingu, piga hesabu mwenyewe.

Sasa leo niko Reading, Uingereza, mwaka wa kumi na moja huu, na kila mwezi natenga hela ya alizeti. Ya ndege jamani. Mama alivyoona kwenye video kol ile mirija ya waya inaning'inia mtini akauliza natega nini, nikamwambia mama sitegi, nawalisha. Akanyamaza. Halafu akasema "haya baba, Mungu akusaidie", na nyie mnajua mama akishasema hivyo ana maana gani.

Chanzo ni bibi jirani yangu. Siku moja akanigongea mlango, na huku jirani akigonga ni mzigo wako umeachwa kwake au ni lawama, kwa hiyo nikafungua nimejiandaa. Kumbe anaomba tutoboe fensi yetu kwa chini, kitundu cha sentimita 13 kwa 13, ili kalunguyeye, kale kanyama kenye miiba mgongoni, apite. Nikajua kazeeka. Lakini akanielewesha kwamba kalunguyeye usiku mmoja anatembea kilomita moja mpaka mbili akitafuta wadudu, sasa kila mtu akiziba uwanja wake kwa mbao na saruji huyu mnyama atapita wapi, na kweli mwaka 2020 huku Uingereza wamemwingiza kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka. Nikaona siwezi kumkatalia mtu mzima, nikachukua msumeno.

Wiki mbili kimya. Usiku wa wiki ya tatu nasikia nje kitu kinakoroma na kuhema kama mtu aliyepandisha ngazi, natoka na simu, ndio huyo bwana! Kwa furaha nikamwekea mkate na maziwa, si mgeni? Asubuhi bibi kaniwakia: maziwa ya ng'ombe yanamharisha. Mpe chakula cha paka cha nyama na maji basi. Nikashika adabu.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi. Nilikuwa namwaga makombo kwenye nyasi, wali wa jana, ukoko wa ugali, naona ndege watashiba na mimi situpi chakula. Waliokuja ni panya. Na nikwambie kitu, panya wa Ulaya ni panya tu. Mke wangu akanipa wiki moja, ama zangu ama za panya. Halafu nikaja kujua hata ile chumvi ya chakula chetu si nzuri kwa ndege, kwa hiyo sasa ni alizeti na karanga zisizo na chumvi, naweka kidogo kidogo ziishe siku hiyo hiyo, na ile mirija naiosha kila wiki. Hapo kwenye kuosha usifanye uvivu, kuna ugonjwa ndege wanaambukizana pale pale wanapokula, umewapukutisha sana chiriku wa kijani wa huku. Ukiwalisha kwenye uchafu bora uwaache.

Kitu kilichonilipa kuliko vyote ni beseni. Nilifukia beseni la kufulia lililopasuka mdomo, nikajaza maji ya mvua, nikapanga mawe ndani kama ngazi ili kalunguyeye akitumbukia apate pa kutokea. Vyura sikuwaleta mimi, wamekuja wenyewe, sijui nani kawaambia. Na vyura wanakula wale konokono wasio na gamba waliokuwa wanamaliza mchicha wangu, zamani watu walikuwa wanawamwagia zile punje za bluu zenye sumu ya metaldehaidi, ila tangu 2022 zimepigwa marufuku bustanini. Kona moja ya nyasi siikati kabisa kwa ajili ya nyuki. Kwetu ningeitwa mvivu, hapa napewa hongera.

Januari nikajiunga na ile hesabu ya ndege ya RSPB, shirika la kulinda ndege la huku, ipo tangu 1979, unakaa saa moja dirishani unahesabu wanaotua. Nilipata robini mmoja, shomoro saba, na yule mdogo wa bluu na njano ambaye jina lake la Kiingereza siwezi kulitamka mbele ya wakwe.

Sasa juzi mama kapiga. Kwelea kwelea wamerudi mwaka huu, mpunga umeshaanza kutia maziwa, anaomba hela ya kuwalipa vijana waje kuamia. Nikamwambia sawa mama, natuma sasa hivi. Kabla hajakata akauliza, "Na wa kwako hawajambo?" Nikamwambia hawajambo, wanakusalimia. Nikamtumia hela ya vijana, nikavaa koti nikatoka, maana alizeti ilikuwa imeisha.