Siku Aproni Zilipopigwa Picha

Thieta ya mifupa, katika hospitali moja ya Mombasa nilikokuwa muuguzi, haikupumzika. Ajali za bodaboda na tuktuk zilituletea mapaja yaliyovunjika usiku na mchana, na kila daktari alipotia chuma mfupani, mashine ya eksirei iliwashwa ili aone anapopita. Sisi tulivaa aproni za madini ya risasi za kuzuia mionzi, nzito, za kuchosha mabega. Kazi ikiisha zilikunjwa kama kanga zikarundikwa kitini.

Mpiga picha wetu wa eksirei alikuwa mzee wa Kibokoni, mtu wa maneno machache. Asubuhi moja, kabla mgonjwa hajaingizwa, alitutoa nje, akazilaza aproni mezani moja moja, akazipiga picha. Kisha akatuita tutazame.

Risasi nzima hutokea nyeupe tupu. Ile niliyozoea kuvaa mimi ilikuwa na mistari myeusi, yaani nyufa za kupitisha mionzi, usawa wa tumbo, pale pale ilipokuwa ikikunjwa. Kitambaa cha nje hakikuwa na hata mkwaruzo.

Nami nilikuwa mjamzito, na msimamizi alikuwa na habari. Mfanyakazi wa mionzi huruhusiwa wastani wa milisivati 20, kipimo cha mionzi inayoingia mwilini, kwa mwaka. Mtoto aliye tumboni, tangu mama atoe taarifa, asizidishiwe 1. Beji yangu ya kupima mionzi niliivaa shingoni, juu ya aproni. Yaliyopita tumboni ingeyajuaje?

"Sista, hii usiivae tena," mzee aliniambia. Akanieleza kuwa mionzi mingi inayotufikia hutawanyika kutoka mwilini mwa mgonjwa, na kwamba nikisogea kutoka mita 1 hadi 2 hupungua kufikia kama robo. Nilimuuliza aproni zilikaguliwa lini mara ya mwisho. Akasema hajapata kuona zikikaguliwa. Hasira iliyonipanda siku ile sijaisahau.

Daktari alishanawa mikono. "Mzee, mgonjwa anasubiri."

"Daktari, kwa aproni hizi mimi siwashi."

Hakuwasha. Tulingoja mpaka zikaazimwa nyingine idara ya eksirei, na mgonjwa akatengenezwa mguu salama. Mimi nilihamishiwa wadini hadi nilipojifungua, mtoto mzima, alhamdulillahi. Niliporudi nilikuta vining'inizo vimepigiliwa ukutani, aproni mbovu zimeondolewa, na muuguzi yeyote mwenye mimba akipewa beji ya pili, ya kuvaa kiunoni, chini ya aproni.