Jinsi nilivyoosha chumvi kwa maji bila kuiyeyusha

Kwanza niwaondolee hili la yai, ambalo watu hulitumbukiza kupima kama maji yameshiba chumvi, yaani hayawezi kuyeyusha nyingine. Yai likielea haina maana kwamba maji yameshiba chumvi. Maana yake ni kwamba maji yamekuwa mazito kuliko yai, basi. Yai bichi ambalo halijakaa siku nyingi linaanza kuelea ukishatia gramu 120 au 130 za chumvi kwenye lita moja ya maji, na maji hayohayo bado yana uwezo wa kumeza mpaka zifike gramu 360 hivi kwa jumla. Wenye yai lao ni wakulima wa mpunga wa Usangu, wanaochagua mbegu kwa maji ya chumvi: mbegu nzito inazama, pepe linaelea. Wao hawataki maji yaliyoshiba, maana humo hata mbegu nzuri ingeelea. Kwa kazi yangu mimi, inayotaka maji yaliyoshiba kabisa, yai lingenitia hasara. Nalisema mapema kwa sababu kila niliyemweleza habari za chumvi yangu alinijibu, "weka yai."

Habari yenyewe ni hii. Nina duka la chakula cha mifugo huku Uyole, Mbeya: pumba, mashudu, dagaa wa kuku, chokaa, na chumvi ya mawe, ile ya chenga kubwa inayotoka pwani. Wanaichukua wafugaji wa ng'ombe wa maziwa kutoka upande wa Rungwe, na wanunuzi wa ngozi. Mzigo ulishushwa barabara kuu, ukapakiwa kwenye guta, na mwenye guta akaamua kukata kona kwa mwendo wa bodaboda. Magunia yalipasukia mtaroni. Ashukuriwe Mungu ilikuwa kiangazi na mtaro ulikuwa mkavu, una mchanga, vumbi na udongo mwekundu tu. Ingekuwa Machi nisingekuwa na cha kuandika.

Tukazoa. Ile ya juu tukaiweka kwenye magunia yake, ile ya chini kabisa, ambayo ilikuwa nusu chumvi nusu barabara, tukaiweka kando. Ndipo washauri wakaanza kufika.

Wa kwanza alisema niiuze vilevile, ng'ombe hachagui. Ng'ombe hachagui, sawa, lakini mwenye ng'ombe anachagua, tena ana macho. Wa pili akasema niisuuze haraka kwa maji ya baridi, kwa kuwa maji ya baridi hayayeyushi chumvi. Huyu amezoea sukari. Sukari kweli inategemea moto: gramu 100 za maji ya kawaida zinayeyusha gramu 200 hivi za sukari, na yakichemka zinaweza kuyeyusha zaidi ya 480. Chumvi haina tabia hiyo. Kwenye maji yanayokaribia kuganda zinayeyuka gramu 35 na ushee kwa kila 100, kwenye maji ya moto kabisa ni 39 hivi. Tofauti ndiyo hiyo tu. Baridi inachelewesha, haizuii. Ndoo moja ya lita 20, hata iwe imelala nje usiku wa Julai hapa Uyole, inaweza kukumezea kilo 7 za chumvi na usijue zimekwenda wapi.

Wa tatu ndiye aliyenigharimu, kwa sababu alikuwa anaongea kisomi. Yeyusha yote, alisema, chuja kwa kanga, chemsha mpaka maji yaishe, chumvi itabaki. Kwenye karatasi hana kosa. Chumvi ikiyeyuka haijageuka kitu kingine. Imo humohumo, maji yakiondoka inarudi. Hata kule Ivuna, upande wa Ziwa Rukwa, watu walichemsha maji ya chemchemi wakapata chumvi tangu zamani sana. Ila wao hawakuwa wananunua mkaa wa Mbeya kwa bei hii.

Nikajaribu ndoo moja kwenye sufuria la ubwabwa. Maji matupu huku kwetu yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, kwa sababu tuko juu, ndiyo maana maharage yetu hayana haraka. Nikadhani basi nitamaliza mapema. Wapi! Maji ya chumvi yanataka joto zaidi ili yachemke kuliko maji matupu, na kadiri yanavyokolea ndivyo yanavyozidi kugoma. Halafu kuna jambo ambalo yule msomi hakulitaja: kuyachemsha maji ni kazi ndogo, kazi kubwa ni kuyageuza yote kuwa mvuke. Moto unaotakiwa hapo ni karibu mara 7 ya ule ulioyatoa kwenye ubaridi mpaka yakaanza kutokota. Jiko likala mkaa, nikaongeza, likala tena. Yalipoanza kuwa mazito yakaanza kurusha. Punje zinaruka kama bisi, zinatua kwenye mikono, zinatua motoni, moto unawaka rangi ya njano kali kama taa za barabarani za zamani. Watoto wa jirani wakaja kuangalia. Mwisho wa yote sufuria limeliwa vitundu chini, na nilichopata ni uji wa kijivu, kwa kuwa kanga inazuia mchanga lakini udongo laini unapita. Mkaa wa elfu kumi na kitu, chumvi ya elfu mbili, tatu. Yule msomi nilipomwonyesha akasema nilitakiwa kutumia kanga mbili.

Wazo lilitoka kwa mtoto wa dada yangu, yuko kidato cha pili. Alikuwa amekaa kwenye magunia anakariri kwa sauti mambo ya mtihani: maji yakishashiba kitu fulani, ukiongeza kitu hichohicho hakiyeyuki tena. Nikamwambia rudia. Akarudia bila hata kuinua macho.

"Kwa hiyo yakishiba chumvi, nikitumbukiza chumvi nyingine inabaki nzima?"

"Ndiyo, mamdogo. Inakaa tu chini."

"Na udongo?"

Hapo akainua macho. Kwenye daftari lake hapakuwa na udongo.

Yeye alikuwa anakariri, aliyesikia ni mimi, na hilo sitaki mtu alipunguze. Maji yaliyoshiba chumvi hayawezi tena kula chumvi, lakini kubeba udongo yanaweza. Udongo hauyeyuki, unabebwa tu. Basi hayo ndiyo maji ya kuoshea.

Swali likawa: chumvi ya kushibisha maji itoke wapi bila kula mtaji? Ile ya chini kabisa, nusu barabara, niliyokuwa nimeiweka kando. Tukaimimina yote kwenye pipa la plastiki la bluu (plastiki jamani, bati linaliwa) lenye maji kama lita 60, tukakoroga na mti, tukapumzika, tukakoroga tena. Lita 60 zinataka kilo 20 na zaidi za chumvi halisi, kwa hiyo usione aibu kumimina nyingi.

Sasa utajuaje kwamba yameshiba, na yai tumeshalifukuza? Kawaida ungetazama chini: chumvi ikibaki haijayeyuka, yameshiba. Lakini chini mwa pipa langu kulikuwa na mchanga, na mchanga na chumvi ndani ya maji ya tope vinafanana. Nikachagua chenga moja kubwa ya chumvi safi, yenye kona kali, nikaifunga kwa uzi wa kushonea magunia, nikaining'iniza ndani ya pipa mpaka asubuhi. Kulipokucha kona zilikuwa zimelainika kama sabuni iliyotumika. Bado yana njaa. Tukaongeza, tukakoroga, nikafunga chenga nyingine. Safari hii ilitoka na kona zake zote, kali vilevile, ukiipitisha kwenye kidole unazisikia. Nilicheka peke yangu pale nyuma ya ghala. Hakuna kifaa cha dukani kinachoshinda ule uzi.

Faida nyingine ambayo sikuitarajia: udongo ulitulia upesi. Kwenye maji matupu udongo mwekundu unaweza kuelea siku mbili. Kwenye maji ya chumvi chembe zake zinashikana na kuzama, kama inavyotokea mto wenye tope ukiingia baharini. Juu yakabaki maji maangavu, tukayavuta kwa mpira kwenye madiaba mawili. (Aliyevuta kwa mdomo ni yule kijana wa dada yangu. Alijuta.)

Kuosha kwenyewe ni kazi ya kitoto. Tenga la plastiki, ndani nimetandika wavu wa dirisha, natia chumvi chafu kiasi, nazamisha kwenye diaba la kwanza, natikisa. Mchanga unapenya wavu na kushuka, vumbi linabaki kwenye maji, chenga za chumvi zinabaki juu ya wavu. Diaba la pili ni la kumalizia. Kisha tenga linaning'inizwa lijichuje. Kokoto zilizokuwa kubwa kuliko wavu tulizitoa kwa vidole. Diaba la kwanza likichafuka sana, yanarudi pipani yatulie, yanatumika tena.

Jirani yangu, Mungu ambariki, alikuja kusaidia. Nimegeuka kumhudumia mteja, nasikia maji, naangalia, ana jagi la maji ya bomba anamwagia tenga langu. "Nasuuza, mama, si ni ya chumvi?" Nusura nipige yowe. Kwa jagi lile moja chenga zilipoteza kona, na chumvi iliyoyeyuka ikaingia kwenye nyasi. Kama kuna kitu kimoja cha kukazia hapa ni hicho: mwisho usisuuze kwa maji matupu, yaache yaliyobaki yakaukie hapohapo, nayo ni chumvi.

Tulianika juu ya turubai. Kiangazi cha huku kina jua la wastani na upepo mkavu, na upepo ndio uliofanya kazi. Haikuchukua muda. Na sasa nijisifu: ilitoka nyeupe kuliko ilivyokuja, tena kavu kuliko ilivyokuja. Chumvi ya bahari ina uchafu wa magnesi, ambao ndio unaovuta unyevu hewani. Ndio unaoifanya ilie machozi ukiipeleka Tukuyu wakati wa mvua. Uchafu huo unayeyuka kirahisi hata kwenye maji yaliyoshiba chumvi ya kawaida, kwa hiyo sehemu yake iliondoka na maji. Mnunuzi mmoja wa ngozi aliniuliza kama nimebadilisha kiwanda. Nikamwambia ndiyo, na bei imebadilika kidogo.

Nilichopoteza ni ile niliyoifanya maji, na hata hiyo si yote. Nilimimina mengine kwenye masinia na kuyaacha yakauke polepole, yakatoa vipande vya pembe nne, vimenyooka kama vimekatwa na fundi. Kijana amevipeleka shule.

Chumvi hii ni ya mifugo na ngozi. Ya jikoni nunueni yenye madini joto, maana yangu hata kabla ya mtaro haikuwa nayo. Na yale machicha ya chini ya pipa msiyamwage bustanini, kabichi hazitawasamehe. Mimi niliyamwaga kwenye njia ya gari nyuma ya ghala, ambako nilikuwa nalipa kijana kila mwezi kufyeka majani.