Kasha la Bordeaux la Upanga

Mzee alistaafu akiwa injinia wa meli, na stoo ya chini ya ngazi nyumbani kwake Upanga, Dar es Salaam, aliiendesha kwa nidhamu ileile ya chumba cha injini. Ukutani kulikuwa na kipimajoto, na pembeni yake daftari lililoning'inizwa kwa uzi, limejaa tarehe na nyuzi joto kwa penseli tangu 2007. Humo alilaza chupa kumi na mbili za mvinyo mwekundu wa Bordeaux, Ufaransa, zote za shamba moja: sita za mavuno ya 2003 na sita za 2004. Ule wa 2003 mhakiki mmoja mwenye jina kubwa aliupa alama 95 kati ya 100. Ule wa 2004 uliambulia 88, na Mzee aliununua kwa chini ya nusu ya bei ya mwenzake, kujaza kasha tu.

Julai 2019, wiki ya sendofu ya binti yake, akaniita nimfungulie. Wakati huo nilikuwa nahudumia mvinyo katika hoteli moja ya Posta.

“Marahaba, mwanangu. Hizi nimezingojea miaka,” aliniambia. “Za 2003 ni za wageni wa meza kuu. Zile nyingine wape vijana.”

Siku mbili kabla, chupa zilisimamishwa wima. Mvinyo mwekundu ukikaa miaka mingi, tanini, ile asili ya ukakasi wake, na rangi hushikamana, huwa nzito na kuzama. Mashapo hayo ni machungu, na yakivurugika huharibu glasi. Yakishatulia kwenye kitako, unamimina polepole kwenye jagi la kioo huku tochi ya simu ikimulika chini ya shingo, na unaacha mara tu uzi mweusi unapofika kwenye mabega ya chupa. Kiasi cha nusu glasi hubaki, kimwagwe. Mvinyo wa umri huo haumiminwi saa nyingi kabla kama ule mchanga. Dakika kumi na tano au ishirini zinatosha, maana harufu iliyobaki huondoka haraka ikikutana na hewa.

Halafu kuna suala la ubaridi. Wengi hapa hupewa mvinyo mwekundu wa “joto la chumba”, ushauri uliotoka kwenye nyumba baridi za Ulaya. Dar hata Julai sebule huwa na joto kuliko hizo, ilhali mvinyo mwekundu unataka 16 hadi 18. Tuliweka ndoo ya maji na barafu, chupa ikae humo dakika kumi.

Kabla kizibuo hakijagusa chupa, dalili zilikuwa wazi. Chupa ya Bordeaux ya umri huo, ikisimama, mvinyo unapaswa kufika shingoni au chini yake kidogo. Katika chupa tatu za 2003 ulikuwa umeshuka hadi katikati ya mabega. Foili, ambayo kwenye chupa nzima aghalabu huzunguka ukiisokota kwa vidole, ilikuwa imeganda. Nilipoikata nikakuta utando mkavu wa zambarau, na kizibo kimechomoza juu ya mdomo. Mvinyo ukipata joto hutanuka na kusukuma kizibo. Ukipoa husinyaa na kuvuta hewa ndani. Hayo yakijirudia, kizibo hakizibi tena.

Vizibo vile havifai skrubu, vinamomonyoka. Nilitumia kizibuo cha ndimi mbili: unaanza na ulimi mrefu, unauingiza kati ya kizibo na kioo, kisha unayumbisha kushoto na kulia mpaka ndimi zote zizame, ndipo unazungusha huku ukivuta. Ukizisukuma ndimi moja kwa moja bila kuyumbisha, kizibo kinaweza kutumbukia ndani.

Chupa ya kwanza ilikuwa ya kahawia mpaka katikati ya glasi. Ilinuka zabibu kavu zilizochemshwa na mchuzi wa soya, na mdomoni tunda halikuwepo, ni ukavu wa tanini tu ulioshika fizi. Ya pili na ya tatu hivyohivyo. Ya nne ilinuka kadibodi iliyolowa: hiyo ni dosari ya kizibo chenyewe, kemikali iitwayo trikloroanisoli, nayo huipata hata chupa iliyotunzwa vizuri kuliko zote. Ya tano, iliyolala chini kabisa karibu na sakafu, ilikuwa na uhai kidogo.

Mzee alionja zote, akazizungusha mdomoni, akatema. “Hii ndiyo tisini na tano?”

Jibu la kwanza lilikuwa kwenye daftari lake. Siku za kawaida kiyoyozi kilishika nyuzi 18, ambazo bado ni nyingi. Mvinyo wa kukaa miaka unataka 12 hadi 14 bila kuyumba. Ila kurasa za mgao wa umeme wa 2011 zilisomeka 18 asubuhi, 29 jioni, siku baada ya siku. Joto likipanda nyuzi 10, mabadiliko ndani ya chupa huenda kasi takriban maradufu. Na rafu ya juu, zilikotoka zile tatu mbaya, iliegemea ukuta unaopigwa na jua la magharibi.

Lakini joto la Upanga peke yake halielezi yote, kwa sababu chupa za 2004 zililala stoo ileile, na baadhi rafu ileile. Nilipozifungua kwa vijana, rangi bado ilikuwa ya matofali mekundu, na uchachu wake uliamsha mate. Agosti 2003 Ulaya iliungua. Zabibu za Bordeaux ziliiva mapema mno, sukari juu, asidi chini, na mvinyo wenye asidi kidogo hauna kinga ya kutosha dhidi ya miaka. Mwaka 2004 ulikuwa wa kawaida, mavuno mengi, asidi nzuri. Ule utamu mnono wa 2003 uliovutia alama ulikuja pamoja na udhaifu wake.

Nilimweleza pia Mzee jinsi alama ya Bordeaux inavyozaliwa. Wahakiki huonja majira ya kuchipua baada ya mavuno, mvinyo ukiwa na miezi michache ndani ya pipa, na hutaja alama ambayo wauzaji huanza kuitumia kabla chupa haijajazwa. Mfumo wa alama 100, unaoanzia 50, aliusambaza mhakiki Mmarekani Robert Parker kwa jarida lake aliloanzisha 1978. Ana ulimi wake, kama mtu mwingine yeyote: Château Pavie ya 2003, mvinyo wa Bordeaux, yeye aliisifu mno, mhakiki Mwingereza Jancis Robinson akaipa 12 kati ya 20. Na mwaka 2008 Robert Hodgson alichapisha utafiti kuhusu majaji wa mashindano ya California waliomiminiwa mvinyo uleule mara tatu kutoka chupa moja bila kujua. Ni kama mmoja tu kati ya kumi aliyekaribia kurudia uamuzi wake. Nikimsoma mhakiki, nasoma maneno yake kuhusu asidi, tanini na miaka ya kunywa. Tarakimu naiacha mwisho.

Si kila mtu alizipenda hata zile za 2004. Shangazi wa bibi harusi alisema zinanuka ngozi na majani makavu, na alisema kweli. Hizo ndizo harufu za mvinyo mwekundu uliokomaa salama. Anayependa tunda bichi hana haja ya kungoja. Nilimfungulia mwekundu wa Dodoma wa mwaka uliotangulia, akafurahi.

Chupa ya mwisho ya 2003 Mama aliichukua jikoni, ikaingia kwenye nyama ya ng'ombe ya kuchemka taratibu. Za 2004 zilizobaki nilimwandikia Mzee azinywe kabla ya joto la Desemba, akianza na ile ambayo mvinyo umeshuka zaidi. Yeye akanunua friji ya mvinyo, akaiweka nyuzi 13 na kuiunganisha na betri ya inveta. Siku hizi muuzaji akimtajia alama, anamuuliza kontena lilikuwa la baridi au la kawaida, na lilikaa bandarini siku ngapi.