Foronya ya askari na foronya ya mfiwa si kazi moja

Akina mama wanapokusanyika na vyerehani kushona foronya za wanajeshi walio nje ya nchi na za familia zilizofiwa, jambo la kwanza la kukubaliana ni kwamba hizo ni foronya mbili tofauti. Ya askari itafuliwa kwa mkono, itaanikwa penye unyevu na kukunjwa ndani ya begi. Ya mfiwa italowa machozi. Ukizikata zote kitambaa kimoja na kipimo kimoja kwa sababu jora lililopo ni hilo hilo, umeshona mifuko ya kutia mito, basi.

Tuanze na mfiwa, maana hapo ndipo kosa dogo huumiza. Askari wetu 7 wa Tanzania waliuawa Darfur, Sudan, Julai 2013. Desemba 7, 2017 wengine wasiopungua 14 waliuawa Semuliki, Kivu Kaskazini, huko Kongo. Wapo pia wajane wa Vita vya Kagera, ambao sasa ni bibi zetu. Nyuma ya kila jina kuna chumba ambamo mtu analala peke yake kitanda cha watu wawili.

Hapa Tanga khanga inafaa kuliko kitambaa kingine, mradi iwe ya pamba tupu. Poliesta hainyonyi maji. Chozi linabaki juu na shavu linatoka jasho usiku kucha, hasa joto la Januari na Februari. Vuta nyuzi mbili tatu pembeni uziunguze kwa kiberiti: pamba huacha jivu laini, poliesta huyeyuka ikawa punje ngumu. Muuza duka akikwambia "pamba mia kwa mia", wewe choma uzi.

Usikate khanga kabla ya kuifua. Ikiwa mpya ina wanga mwingi na hurudi sentimita 3 hadi 5 kwa kila mita. Iloweke maji baridi, isuuze mpaka maji yawe meupe, ianike kivulini, kisha uipige pasi. Wengi hutia chumvi wakiamini inashika rangi. Kwa kitambaa kilichokwisha kupigwa chapa kiwandani, chumvi haisaidii. Kinachosaidia ni kusuuza tena na tena. Nyekundu na nyeusi ndizo zinazochuja zaidi. Sugua kitambaa cheupe kilicholowa juu yake, na kikitoka na rangi, khanga hiyo si ya mto wa mtu anayelia.

Halafu jina, yaani maneno yaliyoandikwa kwenye khanga. Hapa tusimame kidogo, kwa sababu khanga husema. "Hasidi hana sababu" haiwezi kuingia nyumba ya msiba, hata kama maua yake yanapendeza namna gani. Hata "Subira yavuta heri" ina ukakasi: mjane anaweza kuisoma kana kwamba anaambiwa atapata mwingine. Maneno yanayomtaja mume yaacheni kabisa. Aya za Kiarabu na jina la Mwenyezi Mungu tusiziweke penye kulaliwa; wapo watakaoona ni kukosa heshima, na hawatakwambia. Yanayobaki ni machache, ya mapenzi na ya kuwa pamoja. Usipoyapata, nunua khanga ukate mji peke yake, yaani sehemu ya katikati, jina liwe upande wa mabaki.

Na kama mjane yuko eda, weka khanga ya maua pembeni. Kwa miezi minne na siku kumi anaepuka mapambo na manukato, kwa hiyo mshonee nyeupe tupu, na usifukize foronya udi wala kutia asumini ndani ya kifurushi. Ya maua itasubiri.

Kipimo. Khanga iliyofuliwa hubaki karibu sentimita 145 kwa 105. Kipande cha mbele, 74 kwa 52, kitoke nusu ya chini, katikati, ili pindo na jina vikae sawa. Pima urefu wa jina kabla ya kushika mkasi, maana mengine ni marefu kuliko mto. Kipande cha nyuma, 95 kwa 52, kitoke nusu ya juu, na zile sentimita 21 za ziada ndizo mlango unaokunjwa kwa ndani kuzuia mto kutoka. Itatoka foronya ya 49 kwa 70. Mto wa sufi wa 50 kwa 70 huingia kwa kubana kidogo, na ndivyo unavyotakiwa. Doti moja ni foronya mbili, na vipande vya pembeni vya chini vinatosha foronya ya mto mdogo wa mtoto, 30 kwa 45. Usivitupe, katika nyumba hizi mara nyingi kuna mtoto.

Zipu na vifungo hapana, vinachoma shavu.

Pinda mdomo wa mbele sentimita 1 kisha 1 na nusu. Pinda ncha ya mlango sentimita 1 mara mbili. Weka vipande mgongo kwa mgongo, sura nje, mlango umekunjwa kuingia katikati. Shona pande tatu nusu sentimita toka ukingoni, punguza nyuzi zilizotokeza, geuza ndani nje, shona tena sentimita 1. Ncha zote mbichi zimezikwa ndani ya mshono. Ovaloki inatosha kwa mashine ya kufulia. Kwa mikono inayofikicha na sabuni ya mche, mshono wa kuzika ndio unaodumu. Sindano namba 14, uzi wa poliesta, mishono 4 kwa sentimita. Uzi ukijikusanya chini, tatizo mara nyingi liko juu: uzi wa juu haukupita sawasawa kwenye vyuma vya kukaza. Mshono ukiruka, badilisha sindano kabla hujamlaumu fundi.

Ya askari ni nyepesi kushona. Pamba ya rangi iliyokolea isiyoonyesha vumbi, mdomo wazi bila mlango ili ikauke upesi, na iwe ndefu kuliko mto kwa sentimita 7 au 8 ili mto usitoke. Ulizeni kipimo cha mto kikosini kabla ya kukata. Kitambaa chenye mabaka kama sare za jeshi msikiguse, hata kikiuzwa hadharani. Jeshi limewakumbusha raia mara nyingi kwamba hakiruhusiwi. Msitarizi jina la mtu, kikosi wala nchi anakokwenda. Ua dogo au herufi moja kwenye pindo inatosha kumfanya aitambue yake kwenye kamba ya kuanikia. Zipelekwe kupitia uongozi wa kikosi, kwa barua na kwa kuhesabiwa, wiki kadhaa kabla ya safari, kwa sababu mizigo hufungwa mapema. Na ziwe sawa zote: askari 30 wakipata foronya 28, mmewagawa.

Kwa mfiwa msiende siku za matanga. Nyumba imejaa, watu wamelala kwenye mikeka, na kifurushi kitawekwa juu ya kabati kisifunguliwe. Subirini tanga lianuliwe na wageni watawanyike, halafu waende wawili tu, wanawake kwa mjane, jioni baada ya alasiri. Foronya iwe imefuliwa na kupigwa pasi, imefungwa kwenye kipande cha khanga ile ile badala ya mfuko wa plastiki. Simu zibaki mkobani. Akitaka kuzungumza, kaeni; akinyamaza, mpeni mkono wa pole mwondoke.