Mashine ya moshi ikiziba, tafuta kwanza palipoziba

Mashine ya moshi ya jukwaani inapoanza kutema matone badala ya kutoa wingu zito, wengi hukimbilia siki. Sina ugomvi na siki, lakini kazi ya kwanza ni kujua palipoziba, kwa sababu maji ya moshi hupita katika chujio lililomo ndani ya tangi, kisha pampu, kisha hita, ndipo yafike kwenye tundu la kutolea moshi, na siki haina msaada sawa katika sehemu zote hizo.

Maji hayo ni mchanganyiko wa maji na glikoli au gliserini, ambazo ni vimiminika vizito. Pampu huyasukuma kidogo kidogo katika kibomba chembamba kilichomo ndani ya bonge la chuma lenye joto la nyuzi 200 hivi za Selsiasi au zaidi, nayo hugeuka mvuke papo hapo. Mvuke huo ukikutana na hewa ya nje iliyo baridi zaidi hufanya vitone vidogo mno, ambavyo ndivyo tunavyoviona kama moshi. Joto hilohilo ndilo linaloleta uchafu. Glikoli iliyoungua huacha utando wa kahawia unaonata, na mtu aliyewahi kuongeza maji ya bomba tangini atakuta pia ukoko mweupe wa chumvichumvi.

Chomoa plagi na uache mashine ipoe kabisa kabla ya kufungua kifuniko, kwa maana hita hukaa na joto muda mrefu. Safisha chujio, halafu uchomoe mpira unaotoka kwenye pampu kwenda kwenye hita na uuelekeze kikombeni. Mashine nyingi haziruhusu pampu kufanya kazi mpaka hita ipate moto, kwa hiyo itabidi uiwashe tena ikiwa wazi. Basi panga kila kitu mapema, na umeme ukishaingia usiguse chochote ndani isipokuwa kibonyezo cha rimoti. Maji yakiruka kikombeni kwa nguvu, pampu ni nzima na mzibo uko mbele yake. Pampu ikinguruma bila kutoa kitu, yenyewe ndiyo iliyokwama. Isiponguruma kabisa, hilo ni suala la umeme, na hakuna siki itakayolitibu.

Pampu iliyokwama ndiyo kazi ninayoipenda zaidi. Ndani yake mna pistoni ndogo, springi na vali, na mara nyingi kosa lote ni glikoli iliyokauka ikavigandisha vipande hivyo pamoja. Piga picha kabla ya kutoa kipande chochote, kwa sababu mpangilio wa springi na vali husahaulika upesi. Loweka vipande katika maji ya vuguvugu, uvifute, na usukume pistoni kwa kidole mpaka irudi yenyewe bila kusita.

Mzibo ukiwa kwenye hita, hapo ndipo siki ina kazi. Changanya sehemu moja ya siki nyeupe na sehemu nne za maji yaliyokenekwa, uutie mchanganyiko huo tangini badala ya maji ya moshi, urudishe mpira na kifuniko, kisha uendeshe mashine mahali penye hewa ya kutosha kwa mibonyezo mifupi, bila mtu kusimama mbele ya tundu, kwani kipande cha uchafu kikiachia hutoka na maji ya moto. Mwanzoni yatatoka matone ya kahawia, baadaye mvuke wa rangi safi. Ikiwa haupiti kabisa, zima, subiri ipoe, na uache mchanganyiko huo ulale ndani usiku kucha. Tundu lenyewe hufunguliwa likiwa baridi na kuchokolewa kwa waya mwembamba laini. Wanaotumia keekee hulipanua, na tundu lililopanuka halirudi.

Kuhusu umeme nitasema moja tu. Fyuzi ya joto, yaani ile inayokata umeme hita ikizidi moto, ikikatika hubadilishwa kwa nyingine ya kiwango kilekile cha joto na ampea, na anayeiunganisha kwa kipande cha waya ameondoa kinga pekee iliyobaki pale thamostati, kifaa kinachodhibiti joto la hita, inapoharibika.

Maliza kwa kupitisha maji matupu yaliyokenekwa mpaka harufu ya siki iishe, ndipo urudishe maji ya moshi. Hita inayoendelea kutema matone hata baada ya kulowekwa mara mbili, mimi huibadilisha.