Siku moja maishani mwangu: kusaka ruta iliyojificha

Saa 12:30 asubuhi. Simu iliwahi kuniamsha kabla ya alamu. Mwalimu wa TEHAMA wa sekondari moja hapa Tanga: "Fundi, mtandao umekufa." Umekufa wote? "Maabara nusu, uhasibu printa." Hiyo nusu ikanikosesha usingizi uliobaki. Swichi, kile kisanduku kinachounganisha waya zote za mtandao, ikifa, hufa na wote.

Saa 2. Nilifunga begi nyuma ya baiskeli: krimpa ya kubania waya, testa, vichwa vya RJ45 vya waya za mtandao, laptopu. Mlangoni nikakutana na mama mhasibu. Shikamoo mama. "Marahaba mwanangu. Printa imenigomea, na wazazi wanataka risiti." Nikamwomba asubiri.

Saa 2:20. Nilikaa kwenye kompyuta iliyogoma, nikafungua lile dirisha jeusi la amri na kuandika ipconfig, amri inayoonyesha anwani ya kompyuta kwenye mtandao. Anwani 192.168.0.104, geti (mlango wa kutokea nje) 192.168.0.1. Jirani yake, iliyokuwa inafanya kazi: 192.168.10.118, geti 192.168.10.1. Mtandao wa shule ni huo wa 192.168.10, niliupanga mwenyewe. Ningekuta inayoanza na 169.254 ningejua kompyuta imeomba anwani ikakosa wa kuipa. Hii ilikuwa imepewa. Na nani?

Kompyuta ikiwaka hutangaza mtandao mzima: nani ananipa anwani? Kwa kawaida hufuata jibu linalotangulia kufika. Anayejibu huwa ni ruta, kifaa kinachogawa mtandao na anwani. Kumbe ndani ya shule kulikuwa na wagawaji wawili, wanashindana mbio. Ndiyo maana ya nusu.

Saa 3 hadi saa 5 kasoro. Hapa ndipo siku ilipoishia. Niliandika ping -t, amri ya kubisha hodi bila kukoma, kuelekea 192.168.0.1 ya huyo mgawaji mgeni, majibu yakawa yanamiminika, kisha nikaenda kwenye swichi na kuanza kuchomoa waya mmoja mmoja, huku mwalimu akinitazamia kioo cha kompyuta, apaze sauti majibu yakikatika. Waya wa tatu: "Imekata!" Nikashangilia. Ulikuwa waya wa kompyuta ileile aliyokuwa anaitazama. Swichi ina matundu 24 na hakuna lebo hata moja; fundi wa kulaumiwa ni mimi.

Wa 17 ndio ulikuwa wenyewe. Tuliufuata ukutani hadi ofisi ya walimu, chini ya meza, nyuma ya marundo ya madaftari. Karuta kadogo ka nyumbani, taa zinawaka kwa furaha. Mwenyewe alikaleta Ijumaa kwa sababu Wi-Fi haimfikii. "Kaka, sikujua." Sikuwa na la kumwambia, Wi-Fi kweli haifiki pale, na alikuwa ameniambia mara mbili.

Basi sikukang'oa. Niliingia kwenye mipangilio yake, nikazima DHCP, yaani ule ugawaji wa anwani, nikakapa anwani 192.168.10.2, na waya wa ukutani nikauacha kwenye tundu la LAN, la mtandao wa ndani. Sasa kanarusha Wi-Fi tu, kugawa anwani kumebaki kwa mkubwa wake, ruta ya shule. Maabara nikaandika ipconfig /release kuachia anwani ya zamani, kisha /renew kuomba mpya, mashine moja baada ya nyingine. Zote zikarudi kwenye 10.

Saa 7. Mihogo na samaki. Haraka.

Saa 8. Printa ya mama ilikuwa kesi nyingine kabisa. Umeme ulikatika wiki iliyopita, uliporudi printa ikapewa anwani mpya, kompyuta yake ikaendelea kubisha mlango wa zamani. Ruta ya shule inagawa anwani zinazoishia na 100 hadi 200, kwa hiyo printa nikaipa ya kudumu nje ya hapo, 192.168.10.20. Kisha nikaibadilisha na kwenye kompyuta. Haikuchapa. Dakika 20 nahangaika, mama ananitazama juu ya miwani, ndipo nikaona: kwenye printa nilikuwa nimeandika 192.168.1.20. Sifuri moja. Risiti ya kwanza ilipotoka, mama akasema tu, "Haya."

Saa 10. Lebo kwenye waya zote 24, kwa plasta ya dukani na kalamu ya wino mzito. Ndani ya mlango wa kabati nikabandika karatasi: kila anwani ya kudumu na mwenye nayo.

Saa 3 usiku, nimeshajilaza, ndipo nikakumbuka. Nenosiri jipya la kale karuta sikuliandika popote.